Mlango wa Uani

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, ila miguu haitulii. Tangu jana nazunguka nyumba hii kama niliyepoteza kitu.

Walikuja waandishi na waigizaji, basi zima kutoka mjini, kumuenzi marehemu baba yako hapa shambani alikoandikia. Waliipiga picha meza yake, hata lile kochi bovu. Shangazi yako alisahau kutia sukari kwenye chai, kisha akawanunia wao kwa kuibakiza.

Halafu wakaigiza ule mchezo wake maarufu palepale sebuleni, wakitumia mlango wetu wenyewe wa uani. Unaujua. Binti anarudi na mimba, anabisha mara tatu, baba anakataza mtu kufungua, binti anaenda zake. Mimi nilikaa mbele, mgeni wa heshima. Yule msichana alipobisha mara ya pili, sijui nilisimamaje. Nikafungua. Akanikodolea macho, nami nimemshika mkono: "Ingia, mama, ingia ndani."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Shangazi yako peke yake hakupiga. Aliniinamia sikioni: "Umechelewa, wifi."

Mwanangu, siku ile uliporudi, na wewe nilikusikia. Mara zote tatu. Baba yako alikuwa ameketi mbali, ufunguo nilikuwa nao mimi.

Leo asubuhi nimemwita fundi, amekwisha kuking'oa kitasa. Ukija, usibishe.

Mama yako