Shemeji Anataka Nikose Shimo kwa Makusudi

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo fainali, na naomba tangu mwanzo usinijibu kwamba niache gofu, hilo wameshaniambia majirani na sitaacha ng'o.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, kazi yangu ni kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na mwenye kliniki ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, dada ambaye mama alipofariki ndiye aliyenilea, akanisomesha, akaniombea na kazi hii, kwa hiyo unaona mwenyewe nilivyobanwa. Gofu nilianza kwa kumsindikiza dada tu, daktari alimwambia atembee, nami nikawa kazi yangu ni kuchimbua nyasi uwanja mzima, kila nikipiga inaruka ardhi na mpira uko palepale, wakanibatiza Jembe, tukacheka wote, lakini moyoni nikajiapiza kwamba hilo jina litanitoka, nikawa naamka mapema kabla kliniki haijafunguliwa naenda kupiga mipira peke yangu mpaka viganja vikaota sugu, na nakwambia mshauri, siku mpira ulipopaa ukaenda kule nilikoutuma nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kuwa hodari wa kitu chochote, mimi ni yule wa kupokea simu na kusema subiri kidogo daktari anakuja.

Sasa timu yetu ya kliniki ni watu wanne, shemeji ndiye nahodha, halafu dada, fundi wetu wa meno bandia, na mimi, na tunacheza skrambo, yaani kila mmoja anapiga mpira wake, tunatazama uliokaa vizuri kuliko yote, wengine tunaokota yetu na wote wanne tunapigia pale, hivyohivyo mpaka shimoni. Na kila mchezaji ana handikapu yake, ndiyo mapigo ambayo mchezaji dhaifu anapunguziwa kwenye hesabu ili alingane na wenye nguvu, ukiboreka inashushwa, na inashushwa kwa kutazama kadi zako za raundi za kawaida unazocheza kila wiki kwa hesabu yako mwenyewe. Yangu ni kubwa kwa kuwa bado ni ile ya enzi za kuchimba. Nilipoanza kupiga vizuri shemeji aliniita kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, akafunga mlango, akaniambia, "Shem, raundi za wiki ukikaribia shimo uwe unakosakosa kidogo. Nguvu zako tuwekee za fainali." Nikamuuliza, huo si wizi? Akacheka, akasema, "Wizi gani bwana, huo ni mkakati, kila timu ina mtu wake wa hivyo." Unaiona hesabu yake, mshauri, siku ya fainali mpira wangu mzuri ndio utakaochaguliwa, na udhaifu ambao sina tena ndio tutakaopunguziwa mapigo.

Nami nikafanya. Wiki iliyopita nilipangwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu, sote tunamwita Mwalimu, naye ndiye nahodha wa timu ya wastaafu tutakaokutana nao fainali, nikawa nausukuma mpira unapita pembeni ya shimo, shimo hili na lile, mipira ambayo ningeitia nikiwa nimefumba macho, na yule mzee badala ya kufurahi kwamba mpinzani wake hajui kitu akawa ananiambia, "Pole, binti yangu, usikate tamaa," raundi ilipokwisha akasaini kadi yangu kama shahidi, kisha akanibakiza juani, na goti lake lile bovu, akaanza kunifundisha namna ya kuishika fimbo, taratibu, bila kuchoka, na mimi naitikia ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Tangu siku hiyo roho inanisuta.

Nimemweleza dada, akanijibu bila kunitazama, "Usije ukamwaibisha mume wangu mbele za watu." Basi nimewaza nijifanye nina homa Jumamosi, au niinong'oneze kamati ya mashindano bila shemeji kujua, au nicheze fainali hii moja tu halafu basi. Nataka kuwa mkweli, hilo nimeshaamua, lakini nifanyeje nisimpoteze dada?

Ni mimi,
Mkosaji wa Makusudi

MSHAURI ANAJIBU

Mkosaji, pole, na hongera pia, maana kujifunza mchezo ukubwani huku watu wanakucheka si kazi ndogo. Pole zangu zinaishia hapo.

Mimi gofu naipita kwenye televisheni nikitafuta taarifa ya habari, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia simu mwamuzi mmoja wa mchezo huo nikamsomea barua yako. Hakucheka. Alisema kukosa makusudi ili handikapu isishuke ni udanganyifu sawasawa na kuandika kadi ya uongo, na kwenye skrambo unauma zaidi, kwa kuwa timu nzima inafaidi uongo wa mtu mmoja. Hilo neno mkakati mrudishie shemeji yako, akalitumie kung'olea meno.

Sasa tuje kwako. Unasema umeshaamua kuwa mkweli, halafu unanipangia njia tatu na zote ni za kujificha. Homa ya kujifanya ni uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kuinong'oneza kamati ni kumchongea shemeji yako huku asubuhi unampokelea wagonjwa wake kwa tabasamu. Na hiyo ya fainali moja halafu basi, bibie, hebu acha mzaha. Mkishinda hivyo, msimu ujao atakuita tena kwenye chumba kilekile na atafunga mlango uleule.

Fanya hivi, na usingoje Ijumaa. Nenda nyumbani kwao, si kliniki mbele ya wagonjwa, uwakute wote wawili mezani. Usimwite mwizi. Yeye alishauri, lakini mkono uliousukuma mpira ni wako. Mwambie, "Shemeji, ile raundi ya wiki iliyopita nilikosa makusudi. Kesho naenda kwa kamati waifute ile kadi na wanipangie handikapu yangu ya kweli. Nimetaka msikie kutoka kwangu kwanza." Umemaliza. Atapandisha sauti, mwache apandishe. Usijibizane naye, na usirudi nyuma hata neno moja.

Kesho yake kweli uende. Sema ulichofanya wewe, na wakikuuliza kama kuna aliyekushauri, jibu kweli, usitie chumvi. Huenda wakaishusha tu handikapu yako, huenda wakaiondoa timu yenu nzima kwenye fainali. Watakaloamua lipokee umesimama.

Ukitoka hapo mtafute yule mzee. Usimtumie ujumbe wa simu, nenda umtazame usoni. Aliweka saini yake juu ya uongo wako bila kujua, na akaliumiza goti lake kukufundisha kitu unachokijua. Nimeuona mwandiko wako, bibie. Mambo ya shemeji umeyaandika kwa herufi zilizonyooka, ukifika kwa Mwalimu mistari inapanda na kushuka. Akikukasirikia ana haki, usijitetee.

Kuhusu dada yako, lile jibu lake nimelirudia kulisoma. Hakusema unamsingizia mumewe. Hakusema mumewe hawezi kufanya jambo hilo. Alisema usimwaibishe, tena bila kukutazama. Anajua, na aibu imeshamfikia kabla yako. Atanuna, pengine atainunia na safu hii, na kununa kwa dada kunaweza kuchukua msimu mzima. Wewe mpigie simu hata asipopokea, nenda kamsindikize kutembea kama zamani hata mkitembea kimya. Lakini hakuhangaika kukulea na kukusomesha ili uje ujifanye huwezi. Hilo mwambie, kwa maneno hayohayo. Na shemeji akikutishia kazi kwa sababu ya gofu, mwombe akuandikie sababu hiyo kwenye barua ya kukuachisha, aweke na mhuri wa kliniki. Hataandika.

Jumamosi nenda uwanjani. Timu ikiruhusiwa, cheza. Ikitolewa, ngoja wastaafu na timu itakayochukua nafasi yenu wamalize, kisha uombe raundi yako ya kawaida, watu wakiwa bado hawajaondoka. Watanong'ona, na shemeji yako huenda atakuwa mmoja wao. Simama pale pa kupigia, usiangalie nyuma, na uupige mpira kwa uwezo wako wote, wakuone unavyojua.