Kona Iliyokuwa Wazi

Kibokoni, Mombasa
3 Februari 1947

Dadangu Mwanarusi,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Wewe na watoto hapo Lamu mu wazima?

Watu wa reli wanafanya mashindano ya tenisi Makupa mwezi wa nne, na safari hii hata sisi tunaolipwa kufundisha tumeruhusiwa. Wajua tangu klabu ya Wazungu iniajiri sijashindania kitu. Mshahara ulinifungia mlango. Atakayeshinda atachezea timu yao, tena apewe kazi ya ukarani. Nikishinda, klabu sirudi. Nimechoka, dada. Miaka tisa nampigia mtu mpira pale anapoweza kuufikia, kisha namwambia, "Vizuri sana, bwana."

Nduguyo,
Kingi


Lamu
20 Februari 1947

Ndugu yangu Kingi,

Aleikum salaam. Mimi mzima, watoto wana kikohozi kidogo. Kikombe chako cha mwaka thelathini na nane kiko kabatini, nakipangusa kila Ijumaa. Nenda ukacheze. Ulikuwa huna huruma uwanjani, hata mama akiona haya kwa ajili ya yule unayemfunga. Goti ulikande kwa mafuta ya nazi, na matokeo uniandikie siku ile ile.

Dadako


Lamu
30 Mei 1947

Kingi,

Salamu. Mwezi wa nne ulikwisha, wa tano nao waisha, barua sijaona. Kama umeshindwa, niambie. Kama u mgonjwa, niambie pia. Huku kunyamaza ndiko kunakoniuma.

Dadako


Kibokoni, Mombasa
14 Juni 1947

Dada,

Nisamehe. Afya ninayo. Nilishindwa.

Raundi za mwanzo wenzangu walikosea wenyewe, nikafika fainali na Joab, karani wa bandarini, mtu wa bara. Seti ya mwisho akateleza, akaanguka upande wa kulia. Kona ya kushoto yote wazi. Mpira nikaupeleka kulia, taratibu, mpaka kwenye raketi yake. Sikuamua mimi, mkono uliamua, na si mara moja. Ndivyo nilivyouzoeza.

Mwezi uliopita Joab alinijia nyumbani, amekasirika. "Mwalimu, mbona uliniachia? Mimi si bwana wa klabu yenu."

Ningesema ndiyo, heshima yangu ingebaki. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikamwambia, "Sikukuachia. Ndivyo ninavyocheza sasa." Machozi yakanitoka mbele yake, nikaona haya.

Akamaliza kahawa yake, kisha akaniomba nimfundishe. Nimekubali, kila Jumapili, wala sitaki malipo. Sharti langu ni moja: kila mpira aupige mbali nami, na nikikosa asiniambie vizuri.

Jumapili iliyopita nilikimbia mpaka goti likakataa. Niliufikia mmoja tu, dada, nikampigia kule asikokuwako.

Kikombe endelea kukipangusa.

Nduguyo,
Kingi