Mguu Ulioacha Kuuma

2 Juni

Mwanangu Chapuchapu,

Natumaini kifurushi hiki kinakukuta mzima, na mikono imepona ile michubuko ya sabuni za udobi hapo hotelini. Mimi sijambo. Mshono wa kifuani huwasha tu mvua ikikaribia, basi mtaa mzima sasa huniuliza mimi kabla ya kuanika nguo.

Nadhiri uliiweka wewe siku nilipolala mezani kwa daktari wa moyo, nami nimeamka, kwa hiyo sina mdomo wa kukukataza. Lakini siku kumi na saba kwa miguu mpaka patakatifu si mchezo. Niliitembea njia hiyo kabla hujazaliwa, nisikilize.

Viatu nimekushonea mwenyewe. Vivae kazini kuanzia leo, maana kiatu kipya barabarani ni adui. Soksi jozi mbili, nyembamba ndani, nene nje. Kucha zikate zinyooke, usizungushe pembeni. Mzigo uwe ule unaoweza kupanda nao ngazi huku unaongea. Anza safari alfajiri, saa sita utafute kivuli. Kwenye mteremko kaza kamba ili vidole visigonge mbele. Lengelenge likitoka, pitisha sindano yenye uzi, uzi uuache humo maji yatoke polepole.

Na shika hili: mguu ukiuma, pumzika. Ukiacha kuuma, umeshaikubali njia, twende.

Simu utaiacha nyumba ya kwanza ya wasafiri kama mahujaji wote, ndiyo desturi ya huko. Ila lori la maji hupita nyumba zote hizo kila baada ya siku moja, na dereva hubeba barua. Niandikie hata mstari mmoja. Nisikufiche, naogopa.

Baba yako

14 Juni, nyumba ya nne

Baba, shikamoo.

Mshono unasemaje? Unakula chakula au unajidanganya na chai? Mimi nipo, ila njia imenishika adabu. Jina la Chapuchapu nimelivua, sasa hivi hata vikongwe wananipita na kuniambia pole.

Viatu havina kosa. Mwalimu mstaafu ninayetembea naye aliuliza bei, nikamjibu huyu fundi ana mteja mmoja tu. Lakini chini ya kidole cha mwisho, mguu wa kulia, limetoka lengelenge kubwa. Uzi nimepitisha ulivyonielekeza. Juzi liliuma mpaka nikatembea nalia, na sikuona aibu.

Kinachonishangaza ni kiu. Ikifika saa nne asubuhi nimeshamaliza chupa nne, na ulimi bado mkavu. Wenzangu wanasema lori la maji linaletwa kwa ajili yangu. Usiku naamka kwenda msalani mara tano. Nguo nazo zinanipwaya. Baba, naogopa nisije nikashindwa katikati, na nadhiri ni ya uhai wako.

Mwanao

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakula, usinisumbue. Mshono umelala.

Usiogope. Kiu ni ya jua, hata mimi ilinitesa. Kila chupa ya maji tia vijiko vinne vya sukari na chumvi kidogo, ndivyo tulivyofanya zamani na tukapata nguvu. Lengelenge lifunge kitambaa safi. Mguu ukiuma, pumzika siku moja. Patakatifu hapahami.

Nimeanza kulala na redio imewashwa. Nyumba bila habari yako ina kimya nisichokipenda.

Baba yako

18 Juni, nyumba ya nane

Shikamoo Baba,

Barua yako imenikuta asubuhi hii, na jibu langu ni la furaha: mguu hauumi! Tangu jana asubuhi, kimya. Umeikubali njia, kama ulivyosema. Lengelenge lenyewe limepasuka na kugeuka rangi, na jioni soksi hunata mpaka niilowanishe ndipo ivulike, lakini hata nikibonyeza kwa kidole gumba sisikii kitu. Vidole hivi vya miguu huwa vinakufa ganzi hata kule udobini, maji baridi ya sakafuni yamevizoesha.

Maji ya sukari nimeanza leo, matamu. Kiu haijapungua lakini nitaendelea.

Nikuchekeshe kidogo. Popote ninapojisaidia kando ya njia, baada ya muda sisimizi wamejaa hapo. Mwalimu kaona mara mbili. Anasema mimi ni hujaji wa kweli, hadi wadudu wananifuata!

Zimebaki siku tisa. Niombee.

Mwanao asiyeumwa

20 Juni

Mwanangu SIMAMA. Barua hii popote itakapokukuta, usipige hatua nyingine. Vua kiatu. Mwaga yale maji ya sukari. Mwambie dereva wa lori akupeleke hospitali, na ukifika usiseme una lengelenge, sema una kisukari. Sema mama yako alikufa nacho.

Nimeandika nakala tatu, moja nyumba ya kumi na moja, moja ya kumi na mbili, moja ya kumi na tatu, kwa kuwa sijui utakuwa wapi. Utanisamehe mwandiko na kutokukusalimu.

Nilikuambia mama yako alikufa kwa homa. Ulikuwa na miaka saba na hukuuliza zaidi. Mama yako alikuwa na kiu kama yako. Sisimizi walijaa alipojisaidia, kama kwako, nasi tulicheka kama unavyocheka. Jumamosi moja nilimpigilia kisigino cha kiatu chake haraka haraka kwa sababu mteja alinisubiri. Ncha ya msumari ilitokeza ndani na sikuipitishia kidole kuikagua, kazi ambayo humfanyia hata mtu nisiyemjua. Alikivaa kutwa nzima. Jioni akavua, soksi imelowa damu. Hakuwa amesikia lolote. "Mume wangu, umenishonea mpaka nyama," alisema, na tukacheka wote wawili. Kidonda hakikuuma hata siku moja. Baada ya miezi miwili walimkata mguu, na baada ya mwezi nikamzika.

Mimi fundi viatu. Ningemwambia nani kwamba nimemuua mke wangu kwa kiatu? Nikasema homa.

Na kuna baya kuliko msumari. Daktari wake alinipa neno: huyu mtoto akikua apimwe sukari kila mwaka, huenda amerithi. Kukupima kungenilazimu kukueleza sababu. Nikawa nasema mwakani. Umefika miaka thelathini na minne, bado nasema mwakani. Mguu wako haujaikubali njia, mwanangu. Unakufa. Nilikufundisha uongo kwa mdomo wangu huu, nikauita elimu.

Simama. Nakusihi, simama.

Baba

24 Juni

Mwanangu,

Lori la juzi lilipita bila barua yako. Dereva anasema aliziacha zote tatu, kwa nani hajui. Nimemuuliza kama alimwona mwanamke anayechechemea. Kasema mahujaji wote wanachechemea.

Leo nimemrudishia mteja kiatu chake bila kukigusa. Siwezi kushika msumari. Niandikie hata tusi.

Baba

25 Juni, hospitali

Baba, shikamoo.

Barua ilinikuta nyumba ya kumi na mbili. Nilikuwa nimeshafunga kamba, mguu mmoja nje ya mlango. Mwalimu ndiye aliyenisomea, homa ilikuwa imeanza na herufi zinacheza. Alipofika kwenye msumari alitaka kuikunja barua, nikamwambia soma yote, kisha akanitafutia gari la kunileta hapa.

Sukari yangu ilizidi mashine yao, haikuonyesha hata namba. Sasa imeshuka. Mguu umeoza chini na sikuwahi kuusikia. Daktari anasema siku mbili zaidi wangekata juu ya kifundo. Sasa ni vidole viwili, Jumatano asubuhi, na hajui kama vitatosha.

Muuguzi alinipa simu yake nikupigie. Namba yako iko kwenye simu niliyoiacha nyumba ya kwanza, na kichwani siijui. Ndiyo maana naandika. Dereva ameahidi kukuletea mkononi.

Msumari nimekusamehe, Baba. Nilikusamehe kabla mwalimu hajamaliza ukurasa, maana Mama mwenyewe alicheka. Ile miaka yote ya mwakani sijakusamehe. Kila mwaka nilikuja kwako na miguu hii, ukaniuliza viatu vinanibana wapi. Nimekasirika mpaka nashindwa kula. Sijui lini itaisha na sitaki unibembeleze.

Lakini daktari ametaka mtu wa kuketi nami wakati dawa ya usingizi inaisha, akauliza ni nani, nikataja jina lako kabla sijafikiri. Naogopa, Baba. Lori linarudi huku kesho alfajiri. Dereva amekuwekea nafasi mbele. Panda.

Mwanao