Jua Nililomnyima Somo Yako

Mama,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikuwa naitupa salamu hii mlangoni huku natafuta viatu niwahi kazini. Leo nimekaa nayo.

Nakuandikia kutoka wodini. Somo yako Zuhura amelazwa tena kwa nimonia, mara ya tatu tangu tukuzike. Leo anapumua afadhali. Juzi mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, nami nimesimama nimeikumbatia kanga yako, sijui hata niliibebea nini.

Safari hii tumepata daktari mmoja mama mtu mzima, si mwongeaji. Alimpima kifua, kisha akambonyeza vifundo vya mikono, akamvua soksi, akamnyoosha miguu. Mama, imepinda. Ana mwaka na nusu na hajasimama, na mimi nilikuwa najiambia ni unene wa kitoto. Daktari akaniuliza, "Mtoto anatoka nje saa ngapi?" Wewe ungemjibu palepale.

Ulipokuja Tegeta kunilea uzazi uliizunguka nyumba yetu kama fundi anayekagua kazi. Ukuta wa jirani huku, wetu huku, jua halina pa kuingilia. Ukagundua kipande pembeni ya simtanki la maji, hakizidi mkeka mmoja, jua linafika saa mbili asubuhi na saa tatu halipo. Ukahamisha kamba ya nguo ili shuka zisilizibe. Zuhura alipomaliza siku arobaini za kukaa ndani, ukawa unamlaza pale mapajani kwako, hana nguo, umempaka mafuta ya nazi, unamwimbia Kimakonde. Sikuelewa maneno na wala sikuuliza.

Mimi niliona haya. Nakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunitazama. Zuhura alizaliwa mweupe, kila aliyekuja kunipa hongera alimsifia rangi, kichwa kikavimba. Siku moja nikakutolea maneno: "Mama, usinianikie mtoto kama dagaa, atakuja kuwa mweusi." Na mimi mwenyewe ni mweusi tii! Ulicheka kidogo tu. "Mie nimeanika saba, hakuna aliyeungua." Kesho yake kabla ya kwenda kazini nikairudisha kamba mahali pake, nikatundika shuka mbili mbichi. Uliziona. Hukumwambia mtu.

Mwanao, Baba Zuhura, alipokuuliza mbona mjukuu haendi tena juani, ulimjibu, "Magoti, mwanangu. Sishuki tena mkekani." Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia, nikaendelea kukuna. Baadaye ukarudi kwako Temeke, na presha ikakuchukua Zuhura akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Tangu hapo dada wa kazi alikuwa na amri yangu moja: mtoto asitoke nje, mapazia yashushwe.

Daktari amenieleza taratibu. Jua likigusa ngozi, mwili unatengeneza vitamini D, na maziwa ya mama peke yake hayana ya kutosha. Nilidhani ni habari ya mifupa tu. Kumbe hata chembe za damu zinazolinda mapafu zinaihitaji ili zitengeneze sumu yao ya kuua vijidudu. Ikipungua, askari wako lindoni lakini mikono mitupu. Akaongeza kwamba ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Hapo nilitazama sakafu.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni mimi? Akasema nimonia ina sababu nyingi, hata watoto wanaoshinda juani huugua, na hakuna jua linaloshika nafasi ya chanjo na dawa. Lakini hakusema si mimi. Amemwandikia matone ya vitamini, akaenda kitanda cha pili. Afadhali angenigombeza.

Kinachonitesa zaidi ni mwanao. Jana alikaa hapa kwenye benchi, akaishika ile miguu, akasema, "Bi mkubwa angekuwa na magoti mazima, saa hizi huyu anatembea." Hakusema kwa ubaya. Nami nikaitikia kwa kichwa. Mama, niliitikia! Uko kaburini na bado nakutwisha kosa langu.

Leo alfajiri nilipita nyumbani kuoga, nikaikata ile kamba. Nguo nitaanika mbele, majirani waone wanachotaka kuona. Zuhura akiruhusiwa, nitatandika mkeka wako pembeni ya simtanki na nitakaa naye mwenyewe, kazini nimeshaomba kuingia mchana. Miguu daktari anasema huenda ikanyooka, hakuniahidi. Kifua tutakiangalia siku kwa siku. Naogopa, Mama. Kila akikohoa moyo unanitoka.

Wimbo wako siujui. Mwanao lazima anaujua, uliwaimbia wote saba. Nataka anifundishe, ila siwezi kumwomba wimbo wako huku namwachia aamini uongo uliousema kunisitiri. Anakuja saa kumi, muda wa kuona wagonjwa. Nitamwambia kabla hajakaa. Akinikasirikia, atakuwa na haki.

Mungu akulaze panapo nuru, Mama. Nisamehe kama utaweza. Magoti yako yalikuwa mazima, na leo mwanao atajua.

Mkweo,
Mama Zuhura