Mwani wa Mize Uliokuwa Bado Juani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia hapa mtaani Ng'ambo. Mama yako hajambo, mimi goti tu.

Unaniuliza, kampuni yenu huko Dar imekupa kazi ya kupanga namna ya kutumia takwimu, uanzie wapi? Kompyuta siijui, ila nitakwambia la Jambiani, nilipokuwa nalima mwani.

Mnunuzi wetu alibandika chati ukutani kituoni alikotupimia mwani, ikionyesha kila mmoja kauza kiasi gani kwa mwezi. Mstari wa shoga yangu Mize ukashuka sana. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tukaanza kumsema kwa uvivu. Na yeye, masikini, akaitazama ile chati mpaka naye akaiamini. Akang'oa vigingi vyake vya kufungia mwani, akaacha kulima.

Kumbe chati ilifuata mwezi wa kalenda, na sisi twavuna kwa bamvua, maji yanapokupwa sana. Bamvua la safari ile liliangukia mwishoni mwa mwezi. Shamba la Mize lilikuwa mbali kuliko yetu, akivuna wa mwisho. Siku hesabu ilipofungwa, mwani wake ulikuwa bado umeanikwa.

Basi kabla hamjanunua mitambo, mama, nenda kakae na hao mtakaowapima. Waulize mwezi wao unaanza lini. Sisi hatukuulizwa, wala wenyewe hatukuulizana.

Mwani ule ulipokauka ukapimwa, ukashinda wa sote. Mnunuzi akachora chati mpya, nami nikautafuta mstari wa Mize. Jina lake lilikuwa lishafutwa.

Bibi yako akupendaye