Mwaka wa Akina Melki

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeita majina ya darasa la kwanza. Kazi hii naipenda kuliko kufundisha kwenyewe. Ukisoma majina ya watoto wa miaka sita unajua mama zao walikuwa wanaota nini walipokuwa na mimba. Mwaka jana walinijia akina Precious na Destiny, maana wakati ule kila mwenye simu alikuwa anatazama filamu za Nijeria. Mwaka huu ni Amani. Amani wanne kwenye benchi moja, na wawili wameshapigana. Kila wakubwa wakienda kuzungumzia amani hotelini, huku kilimani watu wanabatiza.

Nikajiuliza nitawaita nani baada ya miaka sita. Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha. Melki, Melki, Melki, Melki.

Tangu Pasaka karibu kila mvulana wa kilima hiki anapewa jina la Komanda Melkior. Ni yeye na watu wake wenye bunduki wanaotutawala sasa, na wanapenda sana ng'ombe wa wenyewe. Lakini kwetu, ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo anakuwa ndoyi wake. Anamvika, anamlisha, hawezi kuinua mkono juu ya nyumba ya ndoyi wake. Kwa hiyo akina baba wamemtwika Komanda undoyi, na ng'ombe wao hawajaguswa. Wanajiona wajanja.

Wangu ana miezi mitatu. Mume wangu Bahati alimwita Melki nikiwa bado nimelala maternite baada ya kujifungua. Mimi nilitaka Hamuli, jina la marehemu baba. Hasira yangu haijaisha, na mbele ya Bahati siifichi. Siku hizi kinamama wote hapa ni Mama Melki. Mimi ni Mama Melki wa Shule. Jirani yangu Zawadi ni Mama Melki wa Maharagi.

Ijumaa, 12 Septemba

Melki mmoja amekufa ng'ambo ya mto. Surua. Siku aliyozikwa, Komanda alipigwa risasi ya mkono huko porini.

Watu wake wameunganisha hayo mawili. Ndoyi wako ni wewe mwenyewe, ndivyo wanavyosema, na akifa anakuvuta. Chefu wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akitangaza: atakayeacha Melki afe, huyo ndiye aliyemfyatulia Komanda risasi. Alikuwa anatazama chini wakati wote.

Nyumba ya yule mtoto imechomwa. Wazazi sijui walipo.

Bahati hakula jioni. Anajua ninachofikiri.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa tuliambiwa tusiondoke. Komanda alikuja na mkono umefungwa bendeji. Kinamama wa akina Melki tukapanga mstari nje ya kanisa, watoto mikononi. Alipita kwa mmoja mmoja. Anamchukua mtoto, anamwekea kiganja kwenye paji la uso, anasikiliza joto. Halafu anatoa kipande cha sabuni.

Alipofika kwangu aliniuliza, “Huyu iko anakula muzuri?”

Nikamjibu, “Iko anakula, Papa Komanda.”

“Umuchunge sana. Huyu njo mimi.”

Kiganja chake kilikuwa kinatetemeka. Nilikiona. Nilikuwa nimezoea kuogopa bunduki yake. Leo nimegundua kwamba na yeye anaogopa, na sijawahi kuogopa hivi maishani mwangu.

Sabuni sijaitumia. Iko dirishani, inanuka nyumba nzima.

Jumanne, 16 Septemba

Amri mpya. Melki akiugua asipelekwe hospitali. Apelekwe kambini kwao, kuna mzee wao wa dawa. Baba anashikwa mpaka mtoto apone. Kuna waliokwenda jana, mtoto wa kikohozi tu. Hawajarudi, hata baba, hata mtoto.

Kwa hiyo kilimani hakuna mtoto mgonjwa. Ajabu kubwa. Ukipita unasikia mtu anakohoa ndani, mlango unafungwa. Hakuna aliyempeleka mtoto kwenye mizani wiki hii.

Melki wa Zawadi anaharisha. Ameniambia kwa sauti ya chini, huku anapepeta maharagi, kama mtu anayezungumzia mvua. Nimempelekea sukari na chumvi ndani ya kikapu chini ya mboga. Mumewe yuko Walikale kwenye machimbo, simu haishiki. Zawadi yuko peke yake kabisa.

Alhamisi, 18 Septemba

Wangu ana joto.

Sijamwambia mtu. Nimefundisha kuhesabu mpaka kumi na sikujua nilichokuwa nasema.

Ijumaa, 19 Septemba

Degedege saa nane mchana. Macho yaligeuka, mikono ikakakamaa. Nikadhani ndiyo mwisho. Ikapita. Hanyonyi.

Kituo chetu cha afya hakina dawa, na mlangoni kuna mtu wa Komanda amekaa kwenye kiti. Hospitali iko Masisi. Katikati kuna bariera yao, kamba waliyofunga kukata barabara.

Nimegombana na Bahati kwa kunong'ona. Yeye alitaka tusubiri mpaka kesho jioni. Anasema tukikamatwa watamuua. Ni kweli, watamuua. Nikamwambia tukisubiri tutazika, halafu watamuua pia. Akalia. Mwanamume huyu sijawahi kumwona analia. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira, vyote kwa pamoja.

Nitaondoka asubuhi. Mtoto hatakuwa Melki. Nimemwambia sikioni jina la babu yake mara nyingi, ili mdomo wangu uzoee.

Zawadi anakuja pia. Wake ameanza kulegea, macho yameingia ndani.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumepita. Naandika nikiwa nimeketi chini, kwenye veranda ya hospitali.

Tulichukua pikipiki mbili. Barabara ilikuwa tope tupu, na kila shimo nilihisi kichwa cha mtoto kikinigonga mgongoni kama si cha mtu aliye hai. Kwenye bariera alikuwepo mmoja tu, amekaa juu ya jiwe anakula muhindi wa kuchoma. Akauliza, “Mama, jina ya mutoto?”

“Hamuli.”

“Iko mugonjwa?”

“Ana homa kidogo, kaka.”

Akatazama pikipiki ya nyuma. Zawadi akasema wake ni Yosua. Hatukuwa tumepanga jina hilo, sijui alilitoa wapi. Yule mtu alitutazama sisi wawili muda mrefu. Wavulana wawili wachanga kutoka kilima kile, na hakuna Melki hata mmoja. Hata mjinga angeelewa. Alitafuna muhindi wake. Halafu akashusha kamba.

Sijui kwa nini alituachia. Labda ana mtoto. Labda muhindi ulikuwa mtamu. Mkojo ulinitoka, nauandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 21 Septemba

Malaria. Wamemwekea serumu kichwani, mshipa wa mkono haukupatikana. Bado ana joto, lakini ameshika kidole changu.

Asubuhi muganga wa hospitali alipita na kuita watoto wa wodi. Hamuli. Yosua. Bauma. Kibira. Aliita Kibira, hakuna aliyejibu. Akaita tena. Mama wa kitanda cha tatu alikuwa anamtazama tu muganga kama wengine. Nikamgusa kiwiko. Akashtuka, akasema ndiyo, ni wangu.

Ndipo nikatazama vizuri. Nyuso ninazozijua, za kilima chetu na cha pili yake. Niliwaona wote kwenye mstari wa sabuni. Mtindo wa mwaka mzima umekwisha kwa wiki moja, na waliorudi ni mababu: majina ya wazee waliolima hapa kabla yetu, majina tuliyosema ni ya kizamani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Tunaazimana beseni, tunaazimana kikwembe cha kubebea mtoto. Tunaogopa kuitana.

Hali ya Yosua haipendezi. Wanamwongezea maji, yanatoka.

Jumanne, 23 Septemba

Hamuli amenyonya. Amelia kwa nguvu, sauti yake mwenyewe ya hasira. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu saa ileile, kitanda cha pembeni, mtoto wa Zawadi alikata roho.

Jumatano, 24 Septemba

Tumemzika hapahapa Masisi. Seremala aliuliza aandike nini kwenye msalaba. Nikajibu mimi. Yosua.

Zawadi hakupiga kelele. Pale getini pa hospitali kuna watu wa kilimani wanaopita na maziwa, na mmoja tu akisikia inatosha. Aliuma ncha ya kikwembe chake mpaka ikatoboka. Nilimshika mabega.

Akirudi hawezi kukaa kilio. Hawezi kunyoa, hawezi kupokea wageni, hawezi kutandika mkeka nje. Mtoto wake hajafa. Mtoto wake haruhusiwi kufa.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumerudi. Bariera leo walikuwa wengine, walitupitisha bila kuuliza, maana tulikuwa tunarudi kwao, si kutoka kwao.

Zawadi alipanda kilima na mtoto mgongoni. Ni kikwembe kilichokunjwa, amekifunga kwa kitambaa na kukivalisha kofia. Anakipigapiga akitembea. Watu wanamsalimia, anajibu kwamba amelala.

Bahati alimpokea mtoto wetu akaficha uso shingoni mwake. Nikamsamehe kidogo. Si yote.

Chefu amepita. Komanda anakuja kesho kutwa kuona ndoyi zake. Wote.

Jumapili, 28 Septemba

Lazima niandike, la sivyo sitalala.

Zawadi alitaka kukimbia jana. Nikamzuia. Asingefika mbali, na wangechoma nyumba, na wangeuliza jirani yake alikuwa wapi wiki hii. Jirani yake ni mimi. Sijifanyi mtakatifu, niliogopa kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Tukasimama mwanzo na mwisho wa mstari. Mimi wa kwanza. Komanda alimpima wangu joto. Akaridhika, akanipa sabuni. Nikasema nakwenda kumbadilisha nepi. Nikazunguka nyuma ya kanisa, nikamvua sweta, nikamvalisha kofia nyingine na kitambaa alivyonipa Zawadi mapema. Zawadi akatoka kwenye mstari kidogo kama anayejisaidia, akaacha kile kikwembe chini ya ukuta, akarudi na mwanangu kifuani.

Nikabaki nyuma ya ukuta, mikono mitupu. Nilisikia hatua za Komanda zikikaribia mwisho wa mstari. Kama mtoto angelia, nilijua kilio chake, na labda na yeye Komanda angekijua.

Nilimsikia akisema, “Huyu nilisha mushika.”



Halafu sauti ya Zawadi, imetulia kama yuko sokoni: “Ni vile wote wanafanana na weye, Papa Komanda.”

Akacheka. Mtu yule alicheka, alifurahi kabisa. Akampa sabuni, akaongeza na noti kwa ajili ya mtoto aliyefanana naye zaidi.



Jumatano, 1 Oktoba

Wanasema Komanda amehamia upande wa Kitshanga kwa muda. Wanasema atarudi. Naamini la pili.

Maternite wamezaliwa wavulana wawili wiki hii. Baba zao hawajatoa jina. Wanasema bado wanafikiri.

Jumamosi, 4 Oktoba

Zawadi anaondoka kesho kwenda Walikale kwa mumewe. Amesema atamwambia kila kitu huko, na huko atakaa kilio chake, kwenye machimbo, kati ya watu wasiojua jina la mtu yeyote. Amefunga mzigo mdogo. Kile kikwembe cha mgongoni kimekaa juu ya mzigo, tayari kwa bariera.

Mchana amekuja kuaga. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Mtoto aliamka akalia, na kabla sijanyanyuka Zawadi alikuwa ameshamchukua. Akaketi mlangoni, akafungua blauzi. Maziwa bado anayo, yamemuuma wiki yote. Mtoto hakuchagua, akanyonya.

Mimi siku hizi namwita Hamuli tu, hata ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. Jina lile lingine sitaki kulisikia tena.

Zawadi aliinama juu yake. Akamwita Melki. Alimwita hivyo polepole, tena na tena, jina alilomwita wake tangu azaliwe. Zawadi hakumjua Yosua. Yosua alikuwa wa bariera na wa msalaba.

Nikaendelea na madaftari yangu. Sikugeuza kichwa mpaka mtoto aliposhiba.