Kiti cha Mgogo Mlangoni

Jumatano, 7 Januari 2026

Nyumba ya Kanyenye nimeipoteza leo, saa nne asubuhi. Miaka kumi na tisa ya kupanga. Vyumba sita, na ua wa kuchujia asali. Marehemu mwenye nyumba alikuwa mtu wa neno lake. Watoto wake wana mnunuzi. Wamenipa hadi tarehe 31. Siku ishirini na nne! Mkubwa wao kasema nisijali, kuhama ni kawaida. Kwake. Dari niliipiga mimi. Kisima nilichimba mimi.

Mama alisikia yote. Akaendelea kuchambua maharage.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya misa nimekwenda Ipuli kuona vyumba viwili. Nimepima kwa futi: kumi kwa kumi, kumi kwa tisa. Ndoo thelathini za asali chumba kimoja, mimi na mama kingine. Kitanda cha mninga kiuzwe.

Mwenye nyumba ni Mzee Tobia, mstaafu wa reli. Mgogo, mtani wetu! Nimempa shikamoo, hajaitikia vizuri kaanza: babu zenu Wanyamwezi walipita kwetu na mizigo kichwani, wakalipia hata maji, na wewe utalipa. Nikamjibu maji yenyewe yalikuwa ya chumvi.

Akasema, "Na bibi kizee sitaki humu. Mrudishe kwenu Ipole akalinde mizinga ya nyuki."

Nimecheka hadi machozi. Nimelipa miezi sita.

Jumatano, 28 Januari

Nimeuza kabati, kitanda, viti vinane. Mkataba umeletwa. Wakazi: mmoja. Nimempigia Mzee Tobia. Kasema kwani si alinieleza? Nikamwambia basi, mama nitamtia kwenye ndoo. Kacheka. Nimesaini.

Jumamosi, 31 Januari

Saa nane mchana. Naandikia juu ya ndoo, getini Ipuli. Funguo za Kanyenye nimekabidhi saa tano — hakuna pa kurudi.

Mzee Tobia kaweka kiti mlangoni, kakaa. Vyombo vimepita pembeni yake. Asali imepita. Mama — hapana.

Nikadhani bado ni utani. Nikamwambia sogea, mzigo wa Mnyamwezi unapita. Hakucheka. Kachomoa mkataba mfukoni, kaweka kidole: mmoja. Mimi, ninayehesabu kila ndoo mara mbili!

Rustika, mpangaji wa chumba cha mbele, kanivuta kando. Mwaka juzi mama wa mpangaji mmoja alifia humu. Mnyamwezi pia. Mzee akafanya kazi zote za mtani msibani, hadi kuchimba kaburi. Chumba kikakaa miezi minane bila mtu. Tangu hapo wazee hataki.

Kumbe alinieleza kweli, siku ya kwanza. Ila kwa mdomo wa utani. Nani anamsikia mtani?

Saa tisa. Wingu limefunga upande wa Sikonge. Twalibu aliyetubebea vyombo anataka kirikuu chake, kigari cha mizigo, ana mzigo mwingine. Mama bado yuko humo, kiti cha mbele, kakumbatia mkoba wake. Miaka themanini na minne. Kamwita mzee dirishani.

"Wewe Mgogo, unaniogopa mimi au unaogopa kunichimbia?"

Mzee, taratibu: "Vyote viwili, mama."

Mama ndiye aliyecheka. Peke yake.

Saa tisa na nusu. Matone ya kwanza. Mzee kainuka, kabeba kile kiti, kampelekea mama chini ya bati la geti. Kamshika mkono akashuka. Nje ya geti, lakini! Mlango umebaki wazi, yeye kasimama katikati. Sijui ni heshima au ni jibu.

Najua mtani hakasirikiwi. Mama kanilea hivyo. Leo nimevunja mwiko huo. Nimemfuata mbele ya wapangaji wote:

"Mzee Tobia, utani nimeuweka chini. Mama yangu analala humu leo, ndiyo au hapana? Saa kumi kamili nataka neno moja."